Mwongozo Kamili wa Kula Kwenye Mgahawa wa Kifahari wa Vyakula vya Baharini

Nyama ngumu hupikwa polepole kwa saa nne ikalainika, na viungo vikaificha kasoro yake. Samaki hana nafasi hiyo. Tishu zinazoshikilia nyama yake ni chache na huyeyuka kwa joto dogo, kwa hiyo hukaa motoni dakika chache tu, na alivyoingia jikoni ndivyo atakavyotoka. Kwenye mgahawa mzuri wa vyakula vya baharini pesa yako nyingi inalipia ubora wa samaki mwenyewe, na ubora huo utaujua kwa kuuliza kabla sahani haijafika. Namna ya kushika uma tutaifikia, lakini hayo ni madogo.

Hatua ya 1: Weka nafasi na uulize

Piga simu siku tatu hadi saba kabla. Kwa Ijumaa na Jumamosi usiku, mapema zaidi. Uliza samaki huletwa siku zipi. Kuna watu hushikilia kanuni kwamba samaki haagizwi Jumatatu. Kanuni hiyo haina maana mahali ambapo mzigo mpya unashuka Jumatatu asubuhi, kwa hiyo jibu la mgahawa husika ndilo la kufuata. Ukiweza kuchagua, nenda siku ya mzigo na ukae mapema jioni, maana samaki bora huletwa wachache na huisha mapema.

Uliza pia kama kuna kitu kinachohitaji kuagizwa kabla. Samaki mkubwa wa kuokwa ndani ya ganda la chumvi na kamba koche mkubwa mara nyingi huhitaji taarifa ya siku moja. Kisha uliza kuhusu malipo ya awali na mwisho wa kufuta nafasi bila kukatwa pesa, na mavazi yanayotarajiwa. Shati au gauni lenye mikono mipana litakusumbua ukianza kuvunja magando. Manukato makali yaache nyumbani: utamu wa chaza na kaa uko zaidi kwenye harufu kuliko kwenye ulimi, na meza ya jirani nayo inanusa.

Hatua ya 2: Mambo ya afya, yasemwe kabla ya menyu

Hapa hatupendi haraka hata kidogo.

Mwenye mzio aseme wakati wa kuweka nafasi, kisha arudie kwa mhudumu mezani. Ataje kundi kwa jina. Samaki wenye mapezi ni kundi moja. Kamba, kaa na kamba koche ni kundi la pili. Chaza (oyster), kome (mussel), kombe (scallop), ngisi na pweza ni la tatu. Mtu anaweza kudhurika na kundi moja na asidhurike na jingine, hivyo kusema "nina mzio wa vyakula vya baharini" kunamfanya mpishi abahatishe. Uliza mambo mawili ambayo wengi husahau: je, mafuta ya kukaangia viazi ndiyo yaliyokaangia kamba? Na supu au mchuzi umetengenezwa kwa maganda ya kamba? Kumbuka vilevile kwamba vijiti vinavyoitwa "kaa" kwenye saladi kwa kawaida ni samaki aliyesagwa na kuungwa ladha. Mwenye mzio mkali abebe sindano yake ya adrenalini na amwonyeshe aliyekaa naye ilipo.

Chaza wabichi hawawafai wajawazito, wenye ugonjwa wa ini na wenye kinga dhaifu. Bakteria aitwaye Vibrio vulnificus, anayeishi kwenye maji ya bahari yenye joto, anaweza kumuua mgonjwa wa ini. Limau, pilipili na pombe havimwui bakteria huyo. Anayemuua ni moto. Kama uko kwenye kundi hilo, agiza chaza waliookwa au waliochemshwa.

Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo waepuke papa, sansuri na wanyama wengine wakubwa wawindaji wa baharini, kwa sababu zebaki hujilimbikiza kadiri samaki anavyokula samaki wengine na kuishi miaka mingi. Samoni, dagaa, kamba na kombe wana zebaki kidogo.

Kuhusu samaki anayeliwa bila kupikwa, usishtuke ukiambiwa aligandishwa. Kugandisha kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7 ni njia mojawapo ya kuua minyoo ya Anisakis, na mgahawa unaofanya hivyo unakulinda. Tahadhari ya lugha: neno "mbichi" lina maana mbili, aliyevuliwa karibuni na asiyepikwa. Ukitaka la kwanza sema "freshi", usije ukaletewa la pili.

Na kwa asiyekunywa pombe: kome wengi wa migahawa hii huchemshwa kwa mvinyo mweupe, na mchuzi wa siagi unaomwagiwa samaki mara nyingi huanza kwa kuuchemsha mvinyo huo hadi ukauke. Uliza. Jiko zuri hutumia supu ya samaki na maji ya limau badala yake bila kulalamika, mradi liambiwe kabla ya kuanza kupika.

Hatua ya 3: Isome bei, hasa ile ambayo haijaandikwa

Maneno "bei ya siku" yanamaanisha bei inabadilika kila mzigo unapofika. Kuuliza ni kiasi gani si aibu. Wenye pesa nyingi huuliza pia. Uliza kabla ya kukubali.

Samaki mzima mara nyingi huuzwa kwa uzito, na hapa ndipo bili huwashtua watu. Ukiona bei ndogo mbele ya "gramu 100", fanya hesabu papo hapo: samaki wa kilo 1.4 ni mara 14 ya bei hiyo. Muulize mhudumu hivi: "Samahani, huyu ana uzito gani, na uzito huo ni kabla au baada ya kuparwa magamba na kutolewa matumbo?" Kwa kawaida ni kabla. Mwombe pia akutajie jumla ya samaki huyo, akishampima, kabla hajapelekwa jikoni.

Kadiria mahitaji hivi. Samaki mzima hutoa nyama karibu nusu ya uzito wake au pungufu kidogo, kwa hiyo mpangie mtu mmoja gramu 400 hadi 500 za samaki mzima, au mnofu wa gramu 180 hadi 200. Kamba koche mwenye magando hutoa nyama karibu robo tu ya uzito. Mmoja wa gramu 600 hadi 700 anamtosha mtu mmoja. Chaza sita ni kianzio cha mtu mmoja. Kome, nusu kilo pamoja na maganda kwa mlo mkuu, nusu ya hapo kwa kianzio. Ukikuta kamba wameandikwa 16/20, hiyo ni idadi yao katika ratili moja (gramu 454): kadiri namba inavyopungua ndivyo kamba wanavyokuwa wakubwa.

Tahadhari na majina. Kuna samaki mwenye mafuta aitwaye escolar ambaye mahali pengine huuzwa kama "jodari mweupe". Mafuta yake hayameng'enywi na mwili, na sinia moja inaweza kumharisha mlaji. Jodari mwenye wekundu wa tikitimaji, unaong'aa sawasawa pande zote, huenda alipuliziwa gesi ya kaboni monoksidi ili rangi isichujuke hata umri ukisonga. Umoja wa Ulaya umeipiga marufuku njia hiyo, Marekani inairuhusu. Jodari asiyeguswa hivyo ana wekundu uliokolea, wenye kivuli cha kahawia pembezoni akikaa.

Hatua ya 4: Omba kumwona samaki

Migahawa mingi ya daraja hili huleta samaki kwenye sinia au humwonyesha kwenye kabati la barafu. Kama hawakuleta, omba. Angalia macho: yawe yamejaa na kung'aa, yasiwe yamezama na kuwa na ukungu. Matamvua yawe mekundu; yakiwa ya kahawia au ya kijivu, siku zimepita. Ngozi iwe na unyevu unaometa. Mhudumu akibonyeza mnofu kwa kidole, shimo lirudi. Harufu iwe ya maji ya bahari. Shombo kali, au harufu inayowasha pua kama dawa ya kusafishia choo, ni dalili ya kuoza, na mbele ya harufu hiyo hakuna maelezo ya mpishi yatakayosaidia.

Kamba koche na kaa wa kwenye tangi wawe wachangamfu. Akiinuliwa, kamba koche aliye hai hukunja mkia. Mkia ukining'inia, mkatae. Chunguza na tangi lenyewe: wanyama waliobanana kwenye maji machafu hupoteza nyama ndani ya gamba huku uzito wa gamba ukibaki uleule unaoulipia.

Hatua ya 5: Agiza kwa mpangilio, na uchague moto

Anza na vilivyo vyepesi uende kwenye vizito: vya baridi na visivyopikwa, kisha vya mvuke, kisha vya kuchoma, mwisho vyenye mchuzi wa malai au siagi. Ukianza na kamba wa pilipili na kitunguu saumu, ulimi hautawatambua tena chaza.

Ushauri wetu wa msimamo: kadiri samaki alivyo bora, ndivyo mapishi yawe machache. Mvuke, kuoka kwa chumvi na mafuta, au kuchoma juu ya makaa vinamwacha samaki aseme mwenyewe. Sinia la vyakula mchanganyiko vya kukaanga halistahili bei ya mgahawa wa kifahari. Unga na mafuta moto huwafanya samaki wote wafanane, mpya na wa juzi. Kati ya mnofu na samaki mzima, chagua mzima ukiwa na mtu wa kugawana naye, kwa sababu mifupa na ngozi hutunza majimaji.

Kila mnyama ana moto wake. Mnofu wa samaki mweupe huwa tayari unapobadilika kutoka uangavu wa kioo kuwa mweupe na kuachana kwa vipande. Mamlaka za chakula za Marekani huweka kipimo cha nyuzi 63 katikati. Jodari hubabuliwa nje na kubaki mwekundu ndani, na kama hutaki hivyo ni afadhali uagize samaki mwingine, maana jodari aliyeiva kabisa hukauka kama mkate wa jana. Ukiona povu jeupe zito limeganda juu ya samoni, hiyo ni protini iliyokamuliwa na moto mkali au wa muda mrefu. Ngisi hulainika kwa dakika moja au mbili, au kwa nusu saa na zaidi. Katikati ya hapo ni mpira. Pweza lazima achemshwe taratibu kwanza hadi kisu kipenye, ndipo achomwe. Kombe wawe na ukoko wa rangi ya dhahabu juu na chini. Wakija weupe wakielea kwenye maji yao, kuna uwezekano mkubwa walilowekwa kwenye maji ya fosfati ili waongezeke uzito, na umelipia maji.

Hatua ya 6: Mezani

Vyombo hutumiwa kuanzia vya nje kwenda ndani. Uma mdogo ulio upande wa kulia, pamoja na visu, ni wa chaza. Kisu kipana kisicho na makali ni cha samaki; kazi yake ni kutenganisha na kuinua mnofu. Bakuli dogo la maji yenye kipande cha limau ni la ncha za vidole. Chovya mkono mmoja baada ya mwingine, kisha futa kwa kitambaa cha mapajani.

Chaza. Wawe wamelala kwenye barafu, kila mmoja na maji yake ndani ya ganda. Chaza aliyekauka au mwenye ganda lililopasuka, mwache. Pitisha uma chini yake kuhakikisha ameachana na ganda. Wa kwanza mle bila kitu chochote ili umjue. Kwa waliobaki weka tone la limau au la siki yenye vitunguu vidogo vilivyokatwa. Weka ukingo mpana mdomoni, inamisha, mtafune mara tatu nne, ndipo umeze. Kummeza mzima ni kulipia utamu usiouonja. Ganda tupu lipindue juu ya barafu. Katika nchi za kaskazini watu huwala zaidi Septemba hadi Aprili, kwa sababu kwenye maji ya joto chaza hujaa mbegu, nyama ikawa laini yenye rangi ya maziwa, na bakteria nao huongezeka.

Samaki mzima. Unaweza kumwomba mhudumu amchambue. Hiyo ni sehemu ya huduma, wala haikupunguzii heshima. Ukifanya mwenyewe:

1. Mlaze kichwa kikiwa kushoto, mgongo ukikuelekea au ukiwa upande wa pili, vyovyote utakavyoona rahisi. Vuta mapezi ya mgongoni na ya tumboni pamoja na vimiiba vyake.
2. Kata nyuma ya kichwa na mbele ya mkia, mpaka kisu kiguse mfupa, usivuke.
3. Pitisha kisu kwenye mstari wa kati, kutoka kichwani hadi mkiani.
4. Sukuma nusu ya juu kuelekea mgongoni, na nusu ya chini kuelekea tumboni, ukitelezesha kisu juu ya mfupa. Kwenye tumbo nenda polepole, huko ndiko kuna miiba mirefu.
5. Shika mkia na uinue uti wa mgongo kuelekea kichwani. Utatoka mzima, na mnofu wa chini utabaki sahanini.
6. Chimbua shavu kwa ncha ya kijiko. Ni kipande kidogo, na ndicho kitamu kuliko vyote.

Kosa linaloharibu kazi hii ni kumgeuza samaki kabla ya kutoa uti: mnofu hupasuka na miiba husambaa. Mwiba ukiwa mdomoni, utoe kwa vidole uweke pembeni mwa sahani. Ukikwama kooni, usisukume kwa tonge la ugali, wali wala mkate. Mwiba unaweza kuzama zaidi. Usipotoka kwa kukohoa, nenda hospitali.

Kamba koche na kaa. Zungusha magando mpaka yaachane na mwili, yabane kwa koleo kwenye kiungo na si katikati, kisha vuta nyama kwa uma mwembamba. Funika koleo kwa kitambaa ili majimaji yasiruke. Mkia uzungushe, ukunjue nyuma, sukuma nyama kwa kidole kutoka ncha nyembamba. Uzi mweusi wa mgongoni ni utumbo, utoe. Uji wa kijani kifuani ni ini. Mamlaka za afya hushauri usiliwe, kwa sababu sumu za majini hujikusanya huko. Vitu vyekundu kama shanga ni mayai, na hayo huliwa. Kamba koche wa maji ya joto hana magando makubwa. Usidhani umeibiwa, nyama yake karibu yote iko mkiani.

Kome. Mle wa kwanza kwa uma, kisha tumia ganda lake kama kibanio kuwatolea wengine. Aliyebaki amefunga baada ya kupikwa, mwache. Mchuzi wa chini huliwa kwa mkate, ila wa mwisho kabisa uache, mchanga hutulia huko.

Kinywaji: chenye uchachu kidogo na kisicho na sukari nyingi hukata mafuta, iwe maji yenye gesi na ndimu, chai baridi au mvinyo mweupe mkavu. Mvinyo mwekundu huleta ladha ya chuma na shombo mdomoni, na sababu mojawapo ni madini ya chuma yaliyomo ndani yake.

Hatua ya 7: Kitu kikienda vibaya

Sema baada ya tonge la kwanza au la pili, sio sahani ikiwa tupu. Mwite mhudumu kwa sauti ya kawaida, utaje kasoro yenyewe: "Samahani, huyu hajaiva karibu na mfupa," au "Huyu ana harufu." Samaki asiyeiva anaweza kurudishwa motoni. Aliyekaushwa hawezi kuokolewa, omba mwingine. Mwenye harufu asibadilishwe kwa mwingine wa mzigo uleule, omba chakula tofauti.

Jodari au samaki wa jamii yake akikuwasha ulimi kama pilipili wakati hakuwekwa pilipili, acha kula hapohapo na umwambie mhudumu azuie sahani zinazofuata. Hiyo inaweza kuwa histamini, kemikali inayotokea samaki akikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, na kupika hakuiondoi. Uso huwaka na kuwa mwekundu, kichwa huuma, moyo hukimbia, ndani ya dakika chache hadi saa moja au mbili. Watu wengi hudhani ni mzio. Pumzi ikibana, hospitali mara moja.

Hatua ya 8: Bili

Linganisha uzito ulioandikwa na ule uliotajiwa, na uhesabu idadi ya chaza. Angalia kama mkate, maji ya chupa au vionjo vya mwanzo vimeongezwa bila wewe kuagiza. Tafuta mstari wa malipo ya huduma: ukiwepo, bakshishi tayari umelipa, na kuongeza ni hiari yako. Aliyekuchambulia samaki mezani kwa mikono yake anastahili kukumbukwa.

Kilichopikwa kikabaki unaweza kufungiwa, mradi kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili, au saa moja kukiwa na joto la zaidi ya nyuzi 32, na kiliwe kesho yake. Chaza wabichi na samaki asiyepikwa huliwa palepale. Waliobaki waache mezani.